Kurasa 16 Tupu: Shajara ya Kitabu Chetu cha Mwaka

Februari 3

Tumekaa bwaloni baada ya ubwabwa wa mchana, watu saba. Mwenyekiti, mweka hazina, wapiga picha wawili, kijana mmoja anayejua kupanga kurasa kwenye kompyuta, mimi mhariri, na mjumbe wa saba ambaye alipogundua hakuna posho akabaki kwa heshima tu.

Kazi yenyewe: darasa letu, mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu, watu 212, litoke na kitabu cha mwaka. Kila mtu picha yake, jina lake, neno lake. Chuo hakijawahi kuwa nacho. Kilichopo ni zile picha ndefu za ukutani kwenye korido ya utawala: wakufunzi wamekaa mbele, mikono magotini, wanachuo wamepangwa nyuma kama magunia ghalani, na chini umeandikwa mwaka. Majina hakuna. Nimepita mbele ya picha hizo mwaka mmoja na nusu na simjui hata mmoja.

Mchango ni shilingi 15,000 kwa kichwa. Wakilipa wote tunapata 3,180,000. Mweka hazina amesema "wakilipa wote" mara mbili, ya pili polepole.

Mkufunzi mlezi amekubali kwa sharti moja: asome kila neno kabla halijaenda kwa mchapaji.

Februari 9

Nimepewa kurasa nne za utangulizi, zihusu vitabu vya namna hii vilitoka wapi. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilijua ni mambo ya Wamarekani, na kwamba yalianza kamera zilipoanza. Kumbe kamera ilikuja kuyakuta.

Mzizi uko Ujerumani. Miaka ya 1540, mjini Wittenberg, wanafunzi waliokuwa wakiwasikiliza Luther na Melanchthon, wanamageuzi wa Kanisa, walizunguka na vitabu vidogo vyenye kurasa tupu, wakiwaomba walimu na wenzao waandike mstari mmoja na kutia sahihi. Kwa Kilatini kiliitwa album amicorum, albamu ya marafiki. Mwanafunzi akihamia chuo cha mji mwingine anakwenda nacho, na huko kinaongezewa majina.

Nikacheka peke yangu maktabani. Hii si otografu? Kila aliyepita sekondari enzi zetu anaijua: kaunta buku iliyopakwa marangi ya kalamu, kila mtu na ukurasa wake. Jina, jina la utani, chakula unachopenda, timu yako, adui yako (hapo wengi waliacha wazi), na mwisho beti. Yangu ya kidato cha nne ipo hadi leo sandukuni kwa mama. Ukurasa mmoja nimeuhifadhi:

*Chai haina sukari, nimeinywa hivyo hivyo,*
*Ukipata kazi nzuri, nikumbuke vivyo hivyo.*

Aliyeandika ana duka la vifaa vya umeme sasa. Mimi ndiye ninayemkumbuka yeye kila nikiishiwa.

Turudi kazini. Mwaka 1806 sehemu ya wahitimu wa chuo cha Yale, Marekani, walitokea kwenye kitabu cha vivuli vya sura: uso wa upande mmoja, mweusi mtupu, unaona pua na kidevu basi. Mwaka 1841 palepale Yale likaanza Yale Banner, ambalo mwanzoni halikuwa na sura za watu bali lilikuwa zaidi orodha za majina ya wanafunzi na vyama vyao. Linahesabiwa kuwa kitabu cha mwaka cha zamani kuliko vyote katika vyuo vya Marekani.

Sehemu iliyonikalisha hadi taa za maktaba zikazimwa ni ya miaka ya 1860. Kulikuwa na mpiga picha wa maeneo ya Boston, George K. Warren, aliyekuwa akipewa kazi na vyuo vikubwa vya kaskazini-mashariki. Anapiga picha darasa zima mmoja mmoja, wakufunzi, majengo, hata watumishi wa chuo. Kisha kila mwanafunzi anachagua picha anazozitaka yeye, wanabadilishana, wengine wanasaini chini ya sura zao, halafu anazipeleka zikafungwe kuwa kitabu. Kwa hiyo vitabu viwili vya darasa moja havikulazimika kufanana. Ukimchukia mtu, humuweki.

Miaka ya 1880 ikaja mbinu ya kuchapa picha kwa vinukta vidogo, na hapo picha na maandishi vikaweza kupita pamoja kwenye mashine moja. Bei ikashuka, kila mtu akapata kitabu kilekile. Umpende usimpende, yumo. Mwandiko wa mwenzako ulioanza Wittenberg ukasukumwa pembeni, ukabaki na karatasi za ndani ya jalada, mbele na nyuma. Ndipo Wamarekani wanaposainiana mpaka leo. Wavivu huandika herufi nne tu, H.A.G.S., kifupi cha Kiingereza cha Have A Great Summer, yaani "uwe na likizo njema".

Februari 16

Mtunza stoo ametufungulia chumba cha nyuma ya maktaba. Mzee huyo anaheshimiwa kuliko bodi ya chuo, tulimwamkia, tukamwambia shida yetu, akatazama funguo zake kwa muda mrefu kisha akasema, "Ingieni, lakini msipange upya."

Chini ya ramani zilizoliwa na mchwa tumekuta jarida la chuo la mwishoni mwa miaka ya 1970. Limepigwa chapa kwenye stensili, likatolewa kwa mashine ya kudurufu. Herufi "o" zimejaa wino katikati, maana taipureta ilikuwa ikikata stensili na kuitoboa. Picha hakuna hata moja. Lakini ukurasa wa mwisho una orodha ya waliohitimu, na mbele ya kila jina pameandikwa mkoa alikotoka na shule anayopelekwa. Mtu katoka Mtwara, anakwenda Kagera. Katoka Mara, anakwenda Lindi. Ni miaka ile baada ya Azimio la Musoma la 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote inatakiwa ifikapo 1977, walimu wanahitajika kila kijiji.

Na ukutani korido yumo pengine, mstari wa tatu, huyu wa Mtwara aliyekwenda Kagera. Picha ina sura bila majina, jarida lina majina bila sura, na vyote viwili viko kwenye jengo moja vikitenganishwa na mlango wenye kufuli.

Nimemwomba mzee turudufu ukurasa ule mmoja tuuweke kwenye utangulizi. Amekubali. Hatukupanga upya.

Februari 23

Siku ya picha. Joho safi tunalo moja, kofia moja. Wavaaji 212. Mpiga picha amesimamisha kitenge cha bluu ukutani kwa misumari minne, na joho linapita kutoka mgongo hadi mgongo kama kijiti cha mbio. Kufikia saa saba mchana kola yake ilikuwa imelowa kiasi kwamba watu walianza kutanguliza leso shingoni. Kwenye picha haionekani. Kinachoonekana ni kwamba kofia ni ndogo kwa wanaume na kubwa kwa wanawake.

Tumepiga watu 167. Waliobaki wapo waliosema watatuma zao kwa WhatsApp.

Februari 27

WhatsApp. Sura ndogo ya ukurasa wa picha sita haina neno. Tunahitaji nukta 300 kwa inchi, sura ina upana wa inchi mbili, hiyo ni nukta 600 na hata picha iliyobanwa inafikisha. Shida ni picha za ukurasa mzima, za michezo na za bweni. Zikishatumwa kama picha ya kawaida zinakuja zimekondeshwa, ukizikuza watu wanageuka ukungu. Nimetangaza kwenye kundi: tuma kama dokumenti, usitume kama picha. Watu 40 wamejibu kwa dole gumba, watatu wametuma kama dokumenti.

Jingine linaniudhi zaidi. Picha tisa zimepitishwa kwenye programu ya kusafisha uso. Dada mmoja ninayelala naye chumba kimoja sikumtambua. Amekuwa mweupe kama chaki, pua imechongwa. Nimemfuata. Akasema, "Dada, si kitabu cha kumbukumbu? Ndivyo ninavyotaka kukumbukwa." Nilikosa jibu. Tumepiga kura kamati: picha zote zitoke jinsi kamera ilivyoona, asiyetaka arudi kwenye kitenge cha bluu. Wamerudi saba. Chumbani kwangu hatujasemeshana siku mbili.

Machi 2

Jina la kitabu. Wamarekani kwa hili wana vituko. Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1888 kilianzisha Corks and Curls, vizibo na visongo: "kizibo" katika lugha ya wanafunzi wa huko alikuwa yule anayeulizwa darasani akanyamaza kama chupa iliyozibwa, na yule wa pili ndiye anayejibu vizuri na kujiona. Chuo cha maofisa wa jeshi la majini kikaanza na Lucky Bag mwaka 1894, na hilo ni jina la kabati la melini la kutupia vitu vilivyookotwa bila mwenyewe. Chuo Kikuu cha Purdue walikiita chao Debris, yaani vifusi. Kilianza 1889 na kikaacha kutoka 2008, kama vingi huko, wanafunzi walipoona picha zao zote zimo simuni.

Mapendekezo yetu: "Nuru", "Nyota ya Elimu", "Mwanga wa Kesho". Yote yanasikika kama shule ya awali. Mjumbe wa saba, yule wa posho, ambaye hajasema lolote mwezi mzima, akasema "Vumbi la Chaki". Limepita kwa kura zote saba.

Machi 11

Kauli za mwisho za wanachuo, maneno yasiyozidi kumi na mawili kwa mtu. Mkufunzi mlezi amefuta 31. Nyingi alikuwa sahihi. Kadhaa zilikuwa utani wa kabila la mtu, mbili za umbo la mtu, moja ya mpishi.

Wenye kauli zilizofutwa wamelalamika kwamba ni utani wa watani, hauna madhara. Nikawasimulia ya Virginia. Februari 2019 gavana wa jimbo hilo, daktari kwa taaluma, alikuta ukurasa wake wa kitabu cha mwaka cha 1984 wa chuo cha utabibu umesambaa nchi nzima: picha ya watu wawili, mmoja amejipaka uso rangi nyeusi kuwadhihaki watu weusi, mwingine kavaa vazi la Ku Klux Klan, kundi la Wazungu la kuwatisha watu weusi. Kwanza akaomba radhi. Kesho yake akasema yeye si yeyote kati ya wale wawili. Chuo kikaitisha uchunguzi, nao haukuweza kuthibitisha ni akina nani. Miaka 35 ilikuwa imepita, na ukurasa ulikuwa bado umekaa rafuni ukingoja.

Watani wametulia. Mmoja ameandika kauli mpya: "Nimefutwa." Mkufunzi ameipitisha.

Machi 19

Ugomvi wa kweli umekuja leo, na umeanzishwa na mimi.

Mashine ya mchapaji inakunja karatasi moja kubwa ikatoa kurasa 16, hivyo kitabu lazima kigawanyike kwa 16. Tumepanga 96. Hesabu: picha za wanachuo 36, wakufunzi na wafanyakazi 10, utangulizi 4, matukio 28, ukurasa mmoja wa mwenzetu aliyefariki, mmoja wa shukrani. Jumla 80. Zile 16 za mwisho nimeomba ziachwe tupu. Za kusaini.

Mweka hazina kaweka kalamu mezani. "Dada mhariri, tunachapisha hewa?" Amepiga hesabu papo hapo: tukiziondoa, kila nakala tunapunguza shilingi 600, kwa nakala 230 ni 138,000. Waliolipa hadi leo ni 171. Mwenyekiti akapendekeza suluhu: kama ni lazima kusainiana, watu wasainie juu ya picha, mbona picha zina nafasi pembeni.

Nilikuwa nimekuja na ushahidi. Mchapaji alinipa vipande vya karatasi ile ya kung'aa itakayobeba picha, gramu 130. Nikampa mwenyekiti kalamu ya kawaida ya shilingi mia tatu, nikamwambia atie sahihi. Ameandika vizuri. Nikamwambia apitishe kidole. Sahihi yake yote ikaondoka na kidole, ikabaki mstari wa bluu kuelekea pembeni kama mkia wa mjusi. Karatasi ile hainywi wino. Nikampa kipande cha pili, bondi ya gramu 80, ile ya mitihani. Akaandika, akasugua, akasugua tena.

Hakusema kitu. Alimsogezea mweka hazina vipande vyote viwili.

Tumekubaliana: kurasa 80 za kung'aa, 16 za bondi. Bondi ni rahisi, gharama imeshuka kidogo. Mweka hazina ameandika kwenye muhtasari, kwa mkono wake, "kurasa za hewa, 16".

Machi 30

Ukurasa wa marehemu. Alifariki mwaka jana wakati wa mazoezi ya kufundisha, malaria iliyochelewa kutambuliwa. Picha tuliyonayo ni ya kitambulisho, inchi moja na nusu, sura imekaza kama anadaiwa. Familia imetutumia nyingine ya harusi ya dada yake, lakini yuko nyuma ya watu na kashika sahani.

Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye daftari langu la takwimu, lile nililomwazima muhula wa kwanza. Ndani ya jalada la nyuma kaandika kwa kalamu nyekundu: "Nimerudisha. Asante. Swali la 6 umekosea, ni 14 siyo 41. Usiwafundishe watoto hivyo." Na sahihi yenye mkia mrefu.

Nimeipiga picha nikaipeleka kwa mpanga kurasa. Akauliza iwekwe ukubwa gani. Nikamwambia ukubwa uleule. Picha ya kitambulisho juu, mwandiko chini, hakuna ubeti, hakuna mshumaa. Mama yake nimempigia kumweleza. Alinyamaza, kisha akauliza kama huyo aliyekosea swali la 6 ni mimi. Nikamwambia shikamoo mama, ndiyo ni mimi. Akacheka.

Aprili 12

Majina. Nimebandika orodha ubaoni siku tano, kila mtu apite aweke tiki mbele ya jina lake. Marekebisho 47. L zilizoandikwa R na R zilizoandikwa L. Watatu wanatumia jina jingine tofauti na la cheti na wanataka lile tunalowaitia. Tumeweka la cheti kwa herufi kubwa na la kuitwa chini yake.

Waliolipa ni 198. Kulikuwa na hoja kwamba wale 14 wasiolipa watolewe. Nimekataa na safari hii mweka hazina alikuwa upande wangu: picha zao zibaki, nakala wachukue watakapolipa.

Aprili 24

Simu kutoka kwa mchapaji, Dar es Salaam. "Dada, faili lenu lilikuwa na hitilafu, mwishoni kurasa 16 hazina kitu. Usijali, nimekuwekea kalenda ya miaka miwili na matangazo yetu kidogo."

Nilikaa kwenye ngazi za maktaba. Nikamweleza polepole kwamba hitilafu hiyo tuliipigia kura. Ameelewa mara ya tatu. Nimeomba sampuli ya kitabu kilichofungwa kabla hajaendelea, aitume kwa basi.

Aprili 29

Sampuli imefika stendi saa mbili usiku. Kurasa tupu zipo. Ukurasa wa 36, picha mbili zimebadilishana majina. Nimetuma marekebisho kwa simu, na kwa ujumbe, na kwa simu tena.

Mei 8

Maboksi tisa, nakala 230. Jambo la kwanza nilifungua ukurasa wa 36. Hakurekebisha.

Mei 10

Mahafali. Tumegawa vitabu nyuma ya turubai kuanzia saa nne. Nilitegemea watu waanze na picha zao. Wachache walifanya hivyo. Wengi walifungua nyuma, wakaanza kuuliza nani ana kalamu. Kufikia saa sita mpishi mkuu alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha wageni na foleni mbele yake, miwani puani, anaandika kila mtu neno tofauti. Kwangu ameandika: "Wewe ulikuwa unaomba ukoko. Mungu akuzidishie." Mwenzangu wa chumba, yule wa chaki, ameandika nusu ukurasa na sitaunakili hapa.

Wale wawili wa ukurasa wa 36 niliwaogopa tangu asubuhi. Wamenifuata pamoja, mmoja kashika kalamu nyeusi. Wamenisomea mashtaka kwa dakika moja, kisha wakaanza kuzunguka uwanjani kitabu kwa kitabu. Kila mmoja anakata jina la mwenzake chini ya picha yake, anaandika lake, anatia sahihi. Karatasi ya kung'aa, kwa hiyo wanapuliza, wanasubiri, ndipo wanafunga. Magari ya kurudi yalipoanza kupiga honi walikuwa wamefikisha vitabu 140 na ushee.

Mei 12

Hesabu ya mwisho. Mapato 2,970,000, uchapaji 2,691,000, basi na boksi 64,000, misumari na kitenge 13,000. Baki 202,000, imekwenda kwa mama wa mwenzetu pamoja na nakala mbili. Nakala moja maktaba. Nakala moja mzee wa stoo, ambaye ameiweka mwenyewe chini ya ramani, juu ya jarida la stensili. Wadaiwa 14, vitabu vyao viko kwa mweka hazina.

Vitabu kama sabini vimekwenda mikoani bila kusahihishwa ukurasa wa 36. Wale wawili wameomba orodha ya waliovichukua na vituo vyao. Nimewapa.